Kiwanja "Kinachogusa Mto": Unanunua Nini Hasa?

Dalali wa Arusha akitaka kukupandishia bei hahitaji kusema mengi. Anasema tu, "Hiki kinagusa mto." Kinagusa Themi, kinagusa Burka, kinagusa kijito kinachoshuka kutoka Mlima Meru kwenda upande wa Usa River. Kwa mtu aliyechoka na vumbi la Januari na bomba linalotoa upepo, maneno hayo yanatosha kumfanya atoe simu aanze kupiga hesabu. Mimi nilipiga. Huu ni mwaka wa saba naishi na familia yangu kwenye nyumba za mradi kando ya kijito, wilayani Meru, na sijutii. Lakini nimegundua kwamba hiyo "kugusa" ndiyo sehemu ya mauziano ambayo wengi hawaielewi, na wanapokuja kuielewa hela imeshatoka. Majirani wapya wananiuliza maswali yaleyale kila mwaka. Nimeona niyajibu kwa pamoja.

Tuanzie hapohapo kwenye kugusa, maana kisheria nyumba ya kuishi haitakiwi kugusa mto.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuko wa ziwa au wa bahari, na kutoka kwenye bwawa la maji. Miaka mitano kabla yake, Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikuwa imeshaiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto miongoni mwa ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mita 60 ni kelele za maofisa wa juzijuzi, anakudanganya au kadanganywa.

Sasa chukua hatua uzipime. Kiwanja cha kawaida mjini kina mita 20 kwa 30. Panga viwili kwa urefu, kimoja nyuma ya kingine: ndiyo mita 60. Hizo ni za upande wako tu. Ng'ambo ya pili kuna nyingine 60. Kama ukuta wa nyumba unayoonyeshwa unaishia pale mawe ya mto yanapoanzia, basi kuna jambo linalohitaji maelezo, na maelezo hayo yawe kwenye karatasi.

Zinapimwa kuanzia wapi? Hapa ndipo watu wanapochezewa. Sheria inataja ukingo. Februari unaweza kuvuka vijito vingi vya Arusha kwa kurukaruka juu ya mawe bila kulowa kiatu, na mtu akivuta futi kamba kuanzia kwenye ule uzi mwembamba wa maji anakuwa amejipa mita kumi au kumi na tano za bure. Nilipokuwa nakagua nyumba yetu nilimkuta mzee mmoja anakata majani ya ng'ombe kule chini. Nikamwamkia, akaitika, nikamwambia kwamba mto wenyewe mdogo, sioni hatari. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, hapo umeona njia ya mto. Mto wenyewe hujauona." Aprili ile nikauona.

Kile kipande cha ardhi kati ya bikoni yako (jiwe la mpaka wa kiwanja) na maji kina jina: hifadhi ya mto. Ukishalishika jina hilo, nusu ya mkanganyiko inaisha, kwa sababu hifadhi ya barabara sote tunaijua. Hakuna anayedhani kwamba kiwanja kinachopakana na barabara ya lami kinamiliki lami. Unapita, unapumzika kwenye kivuli cha mti ulio kwenye hifadhi, pengine unafyeka majani ili nyoka wasikae, lakini hujengi, na hauwezi kumuuzia mtu. Ya mto ni hivyohivyo. Ile mandhari unayolipia, miti, ndege, sauti ya maji usiku, karibu yote iko kwenye ardhi ambayo mwenye mradi hakuwa na uwezo wa kukuuzia.

Mradi mzuri hauoni aibu kulisema hilo. Utakuta mchoro wa mipango miji unaonyesha viwanja vinaishia wapi na hifadhi inaanzia wapi, bikoni zipo ardhini na zinalingana na ramani ya upimaji, na kati ya ukuta wa mwisho na mto kuna miti. Mradi wa kutilia shaka unakuonyesha picha ya kompyuta yenye baraza juu ya maji. Tofauti ya hizo mbili hautaijua kwa macho. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri husika (Jiji, Arusha na Meru ni halmashauri tatu tofauti, na watu hukosea mlango) ukaombe kuuona mchoro ulioidhinishwa. Fanya upekuzi wa hati kwa Msajili. Mlipe mpima ardhi wako mwenyewe, asiyelipwa na muuzaji, aje atafute bikoni. Kwa mradi mkubwa, omba kuona cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha. Mambo ya mto wenyewe yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi, kwa sababu mito yetu ya Meru na ile ya Kilimanjaro ni ya bonde moja.

Kuna swali gumu kuliko yote: vipi nyumba iliyopimwa na kupewa hati zamani, kabla ya 2004? Zipo, na wenye nazo si wavamizi. Hati ya aina hiyo haiyeyuki yenyewe kwa sababu sheria mpya imetungwa. Lakini kibali cha kuongeza chumba, kujenga upya au kubadilisha matumizi ni hadithi nyingine, na benki nayo itauliza. Nyumba ya namna hiyo usiinunue bila wakili kusoma jalada lote. Nawaambia watu wakumbuke Dar es Salaam, Desemba 2015, nyumba za Bonde la Msimbazi zilipochorwa X nyekundu na kuanza kubomolewa. Waliobomolewa si wote waliokuwa wamejenga kibanda cha mabati. Wapo waliojenga kwa tofali na zege, na wapo waliokuwa wanalipa kodi ya jengo na bili ya umeme mwaka hadi mwaka. Risiti ya kodi haikugeuka kuwa hati.

Ukitaka kuona ukanda ulioachwa wazi unavyofanya kazi, nenda Duluti, pale Tengeru. Ziwa lile ni shimo la volkano lililojaa maji, na limezungukwa na msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Hakuna nyumba ya mtu iliyo majini. Nyumba zenye thamani ziko nje ya msitu, nazo zina thamani kwa sababu msitu upo. Ondoa ile miti, jaza kuta na mabomba ya majitaka mpaka ukingoni, na baada ya miaka michache utakuwa na dimbwi la kijani ambalo hakuna atakayelipia kuliangalia. Duluti halina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Linaishi kwa maji ya chini. Kinachozama kwenye udongo wa jirani zake kina njia ya kulifikia.

Hiyo inatuleta kwenye jambo ambalo ningependa kila mnunuzi aliulize kabla ya kuuliza bei: maji ya chooni yanakwenda wapi?

Sehemu kubwa ya makazi mapya ya Arusha na Meru haijafikiwa na mtandao wa majitaka. Kila nyumba ina chemba, tanki la septiki na shimo la kunyonya. Mfumo huo unategemea udongo mkavu wenye kina cha kutosha chini ya shimo. Maji machafu yanapita taratibu kwenye udongo, na udongo unayachuja. Kando ya mto maji ya ardhini yako juu. Msimu wa masika yanapanda zaidi, mpaka shimo linakuwa limekaa ndani ya maji. Halinyonyi. Linapokea maji badala ya kutoa. Utaona choo kinashuka polepole, chemba inatoa povu, bafu linanuka, na utaita gari la kunyonya majitaka ambalo litarudi tena baada ya wiki tatu, kwa sababu linachovuta ni maji ya mto yanayorudi shimoni. Na muda wote huo, kile kilichomo shimoni kinatembea kwenda kwenye kijito na kwenye kisima cha jirani wa chini yako. Sisi tulihangaika na hili masika mbili. Lililotusaidia ni kuachana na mashimo ya nyumba za chini kabisa na kuyapeleka majitaka yao, kwa pampu, kwenye eneo la juu zaidi la mradi. Ilikuwa gharama kubwa iliyopaswa kuwa ya mjenzi tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ukikagua, omba fundi achimbe shimo dogo la majaribio, mita mbili, na uliangalie kesho yake. Likiwa na maji, umejua kitu ambacho tangazo halikukwambia.

Maji hayohayo ya ardhini yanapanda ukutani. Nyumba ya kando ya mto isiyowekewa DPC (tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi) vizuri utaitambua kwa rangi inayobanduka chini ya dirisha, na ile chumvi nyeupe kama unga. Upande wa kusini wa Arusha, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, msingi nao unavutwa huku na huku, kwa kuwa udongo ule unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Muulize fundi wa eneo hilo wanashuka futi ngapi kufikia udongo mgumu. Wanajua.

Maji ya kunywa sasa. Miradi mingi ina kisima kirefu, na muuzaji atasema maji ni yenu, hayana bili. Kisheria maji yote nchini, ya juu na ya chini ya ardhi, ni mali ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kuyatumia kutoka bodi ya bonde, na kibali hicho kina kiasi cha maji kilichoandikwa. Uliza kiko kwa jina la nani. Lakini kuliko kibali, uliza floraidi.

Ukanda wa Meru umekaa kwenye miamba ya volkano inayoachia floraidi majini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4 kwa sababu ya ugumu wa kupata maji mengine, kisha ikashuka mpaka 1.5 hiyohiyo. Visima vya pande hizi vinaweza kuvuka hata hiyo 4. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yanapokuwa yanajijenga atatoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka, na maji yenye floraidi nyingi sana hufika kwenye mifupa. Wenyeji wa Maji ya Chai wameijua shida hii vizazi na vizazi. Tatizo ni kwamba haionekani: maji ni meupe, matamu, ya baridi. Kuchemsha hakuondoi, mvuke unatoka, floraidi inabaki, tena kwa maji machache zaidi. Kichujio cha kawaida cha dukani nacho hakiondoi. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimefanyia kazi uchujaji kwa mkaa wa mifupa, na huo unafanya kazi ukibadilishwa kwa wakati. Njia nyingine ni kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, hasa kwa watoto, na kisima kikabaki kwa kufulia na bustani. Hata magadi tunayolainishia maharage yanaweza kuongeza floraidi, kwa hiyo nyumba yenye mtoto mdogo iyapunguze. Shida hii ni kubwa zaidi upande huu wa Meru kuliko upande wa Kilimanjaro. Moshi wamebarikiwa chemchemi nyingi nzuri. Popote utakapokuwa, dai matokeo ya maabara ya kisima hicho, yenye tarehe.

Mafuriko nayo watu huyaelewa kinyume. Wanaangalia mto uliopo mbele yao, wakati hatari inajengwa juu, mbali na macho yao. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150, mvua ya milimita 40, ni lita 6,000. Weka nyumba 200 kwenye mteremko uliokuwa shamba la kahawa na migomba, na mvua ileile inatoa lita milioni 1.2 kutoka kwenye mapaa tu, bila kuhesabu pevingi na lami. Zamani sehemu kubwa ingezama ardhini na kufika mtoni taratibu. Sasa inafika kwa pamoja, ndani ya saa. Ndiyo maana korongo ambalo mwaka 2005 watoto walilivuka kwenda shule leo linaua. Aprili 12, 2024, gari la shule lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo hapa jijini Arusha na watoto wakapoteza maisha. Sitaki kulitumia jambo hilo kupamba makala. Nalitaja kwa sababu bado tunauziana viwanja kwenye makorongo na kuyaita "eneo lenye upepo mzuri".

Kwa hiyo ukague Aprili. Kama huwezi, angalia takataka za plastiki zilizonasa kwenye matawi. Zinakuonyesha maji yalifika wapi. Angalia kalvati la barabara ya kuingilia, maana nyumba inaweza kuwa salama huku njia pekee ya kutokea ikiwa chini ya maji. Usitulizwe na ukuta wa gabioni, yale makasha ya waya yaliyojazwa mawe, peke yake: unalinda ukingo wako na kuusukuma mto kwa jirani wa ng'ambo.

Mbu ni wengi kuliko mjini, ndiyo, na vyandarua havikwepeki, hasa ukishuka kuelekea Usa River na Moshi ya chini kwenye mashamba ya mpunga. Watoto wasiogelee kwenye maji yaliyotulia, kichocho kipo.

Linabaki la umiliki ndani ya mradi wenyewe. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini, na mnachopata ni haki ya kuitumia kwa muda, aghalabu miaka 33, 66 au 99. Kama ni ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inakupa hati ya sehemu yako na fungu lako kwenye maeneo ya pamoja. Kama ni nyumba za kujitegemea kama zetu, kila mtu ana hati ya kiwanja chake, na hapo ndipo pana mtego: barabara za ndani, kisima, pampu, mtaro mkubwa na njia ya kushukia mtoni viko kwa jina la nani? Visipoandikwa popote vinabaki kwa mwenye mradi, naye akishauza nyumba ya mwisho hana sababu ya kurudi. Ada ya kila mwezi mnailipa, lakini mnatengeneza mali isiyo yenu.

Wachagga walilitatua jambo hili miaka mingi kabla ya hati. Mfongo, yaani mfereji uliotoa maji juu msituni, ulipita kwenye vihamba (mashamba ya migomba ya ukoo) vya watu wengi, na kila aliyechota alikuwa na zamu yake ya maji na wajibu wake wa kwenda kuuzibua. Asiyefika siku ya kazi alitozwa, na asiyelipa alikatiwa. Aliye juu alijua kuna aliye chini. Umoja wetu wa wakazi tuliuandika kwa mtindo huo: kila nyumba ina mtu wake kwenye siku ya kusafisha mtaro, kabla ya masika na kabla ya vuli, na aliye safari analipia kibarua. Tumekubaliana pia kwamba hakuna kutiririsha maji ya kufulia moja kwa moja kijitoni, kwa sababu chini yetu kuna kina mama wanaomwagilia mchicha, na chini yao kuna Mto Kikuletwa, na Kikuletwa inamwaga kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni Mto Pangani mpaka mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, mpaka baharini. Mwanangu aliposoma ramani hiyo shuleni alirudi akaniuliza kama sabuni yetu inafika Tanga. Nilimjibu kwamba sehemu yake inafika.

Ukanda wa kijito bado tunaufuatilia. Tumeiandikia halmashauri itume mpima aje kuonyesha mbele yetu sote hifadhi inaanzia wapi, kwa sababu majirani wawili wamejenga mabanda ya kuku ambayo hakuna anayejua kama yako ndani au nje, na kukisia kumeshaleta maneno makali. Wenyewe wamekubali kuyahamisha kama bikoni zitaonyesha hivyo. Barua ya pili ilipokelewa na kugongwa muhuri mwezi uliopita. Wakati tukisubiri, upande wetu tumepanda miche ya mikuyu kuanzia kwenye daraja la watembea kwa miguu mpaka mwisho wa mradi, na mingi imeshika.